Oluggi na Mlango

Mwenye nyumba wangu wa Nateete alinipokea kwa sentensi niliyoisikia vizuri nikaielewa vibaya. "Nnina omuzigo gumu gwokka," alisema, amekaa mkekani kibarazani anamenya matooke. Mimi mtoto wa Tanga, mwalimu wa Kiswahili mwenye shahada yangu, sikuhitaji mkalimani: bibi ana mzigo mmoja tu. Nikamwonea huruma. Nikanyanyua mabegi yangu mawili kumwonyesha kuwa mimi ninayo miwili na bado nina nguvu, kisha nikamuuliza wake uko wapi nimbebee. Kijana wa boda boda aliyenileta alicheka mpaka akalalia usukani. Omuzigo, Kampala, ni chumba kimoja cha kupanga, kile cha mlango mmoja na dirisha moja, kwenye mstari wa vyumba vinavyofanana. Pia ni samli, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye, dukani, kwa namna nisiyopenda kuisimulia.

Ilikuwa mwishoni mwa 2022. Julai ya mwaka huo baraza la mawaziri la Uganda lilikuwa limeridhia Kiswahili kama lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kutaka kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Katiba ya nchi, baada ya marekebisho ya 2005, ilikwisha kukitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Shule zikaanza kutafuta walimu, nami nikapanda basi, nikavuka Mutukula, nikapita kwenye mstari wa ikweta pale Kayabwe bila kuuona kwa sababu nilikuwa nimelala, nikaingia jijini kwa njia ya Masaka. Nilikuja kufundisha. Nalisema hili ili ijulikane nilikuwa na kiburi cha kiasi gani.

Bibi yule nilimwita Jjajja kama walivyomwita wapangaji wote, naye akaniita muzzukulu, mjukuu. Alikuwa na miaka sabini na kitu, na meno mawili ya juu ya mbele hayapo. Pengo lile alilitumia kama chombo cha kazi: akitaka kukataa jambo bila kusema, alipitishia ulimi pale.

Tarehe mosi ya mwezi wa kwanza alisimama mlangoni kwangu, akaita, "Koodi, koodi!" Nikatoa fedha ya pango nikampa. Akapokea, akasema weebale, yaani asante, akaondoka. Mwezi wa pili hivyo hivyo. Nikajiambia wenye nyumba wa huku hawana aibu, wanadai kodi kwa kuipigia mbiu nje, jirani wote wasikie. Kisha siku moja, katikati ya mwezi, nikasikia tena, "Koodi!" Nikatoka nimevimba, nikamwonyesha kalenda kwenye simu, nikahesabu siku kwa vidole. Jjajja alikuwa ameshika bakuli la mchuzi wa karanga, mvuke unatoka, amefunika kwa jani la mgomba. Akanitazama, akatazama kalenda, akapitisha ulimi kwenye pengo.

Koodi ni hodi. Neno letu wenyewe, limesafiri kutoka pwani, limevalishwa kanzu ya Kiganda, na mimi mwalimu wake nikashindwa kulitambua.

Baada ya hapo nikanunua daftari. Waganda hukaza konsonanti, na kukaza huko si mapambo. Kugula ni kununua. Kuggula, kwa g iliyobanwa kidogo kabla ya kuachiwa, ni kufungua. Wiki nzima nilikuwa nikimwambia mtoto wa jirani "Gula oluggi," naye akiniangalia kwa mashaka, kwani nilikuwa namwagiza akanunue mlango. Jjajja alinikalisha kunifundisha. Alinishika mkono, akaniweka kiganja kwenye ubao wa mlango wangu, akaupigapiga: oluggi. Kisha akausukuma ubao ukafunguka, akaupitisha mkono wangu katika hewa tupu, kutoka mwimo hadi mwimo: omulyango.

Nikabaki na mkono hewani. Sisi Waswahili, ambao milango yetu ya nakshi ya Lamu na Mji Mkongwe hupigwa picha na dunia nzima, tunaita ubao mlango, na uwazi nao mlango. Tunafunga mlango na tunapita mlangoni, neno moja linabeba yote mawili, na sikuwahi kuona tatizo. Kwa Kiganda ni vitu viwili, hata ngeli ni mbalimbali. Oluggi hutengenezwa na fundi. Zamani ulifumwa kwa matete, leo ni wa chuma, uliopakwa rangi ya kijani. Omulyango hautengenezwi na mtu. Ni pale ukuta ulipoacha kujengwa.

Nilimwambia Jjajja kuwa kwetu ni neno moja tu. Akasema, "Najua. Fungua mlango."

Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nene, ya kiume. Nikadhani ananiagiza, nikainuka. Akanizuia. Ile, akasema, ndiyo sentensi yake ya kwanza ya Oluswayiri, na kwa miaka mingi ilikuwa ya pekee. Aliifundishwa usiku, na askari, enzi za utawala wa Idi Amin. Watu wa rika lake Buganda wengi walikutana na Kiswahili kwa njia hiyo: kizuizini barabarani, au nyuma ya mlango. Nilikuwa nimeshasikia kwamba Waganda hawakipendi Kiswahili, na kama wenzangu wengi nilikuwa nikiliita jambo hilo kiburi. Hakuna mtu aliyekuwa ameniigizia sauti yenyewe.

Walitaka redio, akasema. Oluggi ulikuwa wa mbao, wakaupiga buti, ukapasuka katikati. Wakachukua redio, na mumewe wakamchukua aibebe.

"Akarudi?"

"Yeye alirudi alfajiri. Redio haikurudi."

Akaendelea kumenya matooke. Kisha akanyoosha kisu kuelekea mlangoni kwake. "Oluggi baalumenya, omulyango gwasigala." Ubao waliuvunja, uwazi ukabaki. Mwezi mzima hawakuwa na fedha ya fundi, wakaning'iniza gunia. Na jirani, kila jirani aliyekuja, alisimama mbele ya gunia lile, ambalo mbuzi angeweza kulipita, akaita, "Koodi." Mpaka aitikiwe. Akaniambia hilo ndilo analolikumbuka kuliko buti. Kisha, kana kwamba amejikuta amesema mno, akanitolea methali: "Eby'omu nju tebittottolwa." Ya ndani ya nyumba hayasimuliwi nje. Akaitoa, akanyamaza kidogo, akanisimulia mengine saa nzima.

Daftari langu lilijaa. Ekituli ni tundu linalotokea upande wa pili: kwenye shati, kwenye paa, kwenye ndoo. Ekinnya ni shimo la chini, na hili sikufundishwa na Jjajja bali na madereva wa boda boda, kwani Aprili 2023 wakazi wa Kampala walichoshwa na mashimo ya barabarani, wakafanya maonyesho yake mitandaoni, picha juu ya picha, kila mtu akijivunia la mtaani kwake. Ebbanga ni nafasi iliyo kati ya kitu na kitu, na pia muda ulio kati ya siku na siku. Neno hilo hilo, kama kwetu tunavyosema kitambo kwa umbali na kwa saa. Omuwaatwa ni uwazi unaotenga, kama ule wa tajiri na maskini. Nikafika mahali nikajiona nimehitimu.

Ndipo akafa fundi baiskeli wa chumba cha mwisho. Mtu mpole, aliyekuwa akikopesha pampu bila kuuliza itarudi lini. Wapangaji wakaamua mwalimu aseme maneno mawili makaburini kwa niaba yao. Nilijiandaa usiku kucha. Nilitaka kusema tusemavyo kwetu, kwamba marehemu ameacha pengo. Nikasimama mbele ya watu, nikatoa pole yangu, kitalo nnyo, ikaenda vizuri. Kisha nikasema kwa sauti ya mimbari: "Atulekedde ekinnya ekinene."

Ametuachia shimo kubwa la barabarani. Nalo kaburi liko hapo mbele, halijafukiwa, udongo mwekundu pembeni. Kukawa kimya. Mzee mmoja akakohoa. Mke wa marehemu, Mungu ambariki, akajifunika uso kwa khanga, na mabega yakamtikisika kwa namna ambayo mpaka leo sijui kama ilikuwa kilio.

Njiani kurudi Jjajja hakunicheka. Alisubiri tufike, akachukua maharage mabichi, akayapanga kwenye mkeka, kumi, yamekaribiana kama askari wa gwaride. Akaondoa la sita. "Eddibu," akasema. Kisha akachimba mkeka kwa kidole, kama mtu anayefukua ardhi. "Ekinnya kiba wansi. Eddibu liba mu lunyiriri." Shimo huwa chini. Pengo huwa kwenye mstari. Akafungua mdomo, akanionyesha mfano ulio karibu zaidi.

Nilijisikia mjinga, maana Kiswahili chenyewe kilikuwa kimeniambia. Pengo letu ni la meno kabla ya kuwa la kitu kingine chochote. Mwanya nao ni wa meno, ila mwanya mtu huzaliwa nao, na pwani msichana mwenye mwanya husifiwa, ilhali pengo mtu hulipata. Na ukisikia mtu wa Tanga anasema "nikipata mwanya nitakuja," anazungumza juu ya nafasi, fursa. Kiganda kina omwagaanya, na watu hulitumia vivyo hivyo: uwazi mwembamba kati ya vitu viwili, na pia wasaa wa kufanya jambo kabla haujajiziba. Sitadai kwamba maneno haya ni ndugu, hiyo ni kazi ya wataalamu. Nasema tu kwamba lugha mbili zilitazama uwazi mdogo zikaona jambo moja.

Kuhusu omwagaanya Jjajja alikuwa na mfano mmoja, na hakutaka mwingine. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali ya Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilishambulia Lubiri, kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo, si mbali na Nateete kwa miguu. Kabaka alikuwa Mutesa wa Pili, aliyewahi kuwa Rais wa Uganda. Jjajja alikuwa msichana wa miaka kumi na minane, amejificha chini ya kitanda cha mama yake, na anachokumbuka si risasi, ni mvua. Ilishuka mvua kubwa ya radi katikati ya mapigano. Ndani ya mvua ile Kabaka akaruka ukuta pamoja na walinzi wachache, akatokea barabarani, akapata teksi. Hili la teksi nilidhani ni chumvi ya Jjajja, lakini Mutesa mwenyewe alilieleza katika kitabu chake kilichotoka 1967. Mwishowe akafika Uingereza. "Kye wayagaliza embazzi, kibuyaga asudde," Jjajja akasema: mti uliokuwa ukiutafutia shoka, dhoruba imeuangusha. Kwa kawaida husemwa kwa aliyepata kwa ulaini alichokuwa akikitolea jasho. Yeye aliisema akitazama juu, kana kwamba mawingu ya siku ile bado yapo.

Falme zikafutwa kwa katiba ya 1967. Mutesa akafia London mwaka 1969, mwili ukarudishwa 1971. Kiti cha Kabaka kikakaa wazi mpaka 31 Julai 1993, Ronald Mutebi alipotawazwa Naggalabi, Buddo. Miaka ishirini na saba tangu mvua ile. Nilimuuliza Jjajja kama lile lilikuwa ebbanga au eddibu. Nilijiona nimeuliza swali la kisomi sana. Akafikiri, akajibu kwamba kwa waliozaliwa baadaye lilikuwa ebbanga, muda tu. Kwake lilikuwa jino.

Methali ya Kiganda ninayoisikia sana ofisini, kwenye vikao vya wazazi, kwenye harusi, ni ile ya meno: "Agali awamu ge galuma ennyama." Yaliyo pamoja ndiyo yatafunayo nyama. Kila mwanasiasa anayo. Neno meno lenyewe halimo ndani yake. Viambishi tu ndivyo vinakuambia ni meno, na hapo ndipo ufundi wake ulipo. Nilimtajia Jjajja nikitegemea aifurahie. Akapitisha ulimi pale. "Mimi hula nyama," akasema. "Naichemsha zaidi."

Mapema 2024 aliniomba nimsindikize kijijini kwa kaka yake, njia ya Masaka, kununua olubugo, kitambaa cha gome la mti. Alitaka cha kuzikiwa. Alisema kama mtu anavyosema anakwenda kununua sukari. Fundi alikuwa mzee mwembamba, anafanya kazi chini ya banda lisilo na kuta, na mlio wa nyundo zake tuliusikia kabla ya kumwona. Gome hutoka kwenye mti uitwao omutuba. Hubanduliwa lote kuzunguka shina, kisha shina lililobaki uchi hufungwa majani ya mgomba kama mgonjwa, mpaka liote gome jipya, na mwakani hubanduliwa tena. Nyundo zake za mbao zina mifereji, mipana hadi myembamba, naye alikuwa akigonga kwa ya kati: gome lililoanza na upana wa mikono miwili limeshatanuka likawa shuka, rangi ya udongo wa chungu.

Palikuwa na matundu. Pale palipokuwa na tawi, gome hutoka na duara tupu, na ukigonga, duara nalo hutanuka. Fundi hakuyaficha. Alikata kila tundu likawa na kingo nyoofu, akakata kipande cha gome hilo hilo, akakishona kwa uzi wa ukindu, mshono mfupi mfupi, akageuza akashona na upande wa pili. "Ekiraka," akasema. Kiraka. Nilifurahi kama niliyekutana na mtu wa nyumbani ugenini. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hii ya gome kuwa miongoni mwa urithi mkuu wa binadamu, na watalii hununua vibegi vyake mjini, lakini Jjajja hakuwa na habari na UNESCO. Alikuwa amepiga magoti anahesabu viraka kwa kidole. Saba. Fundi akamtolea kingine, kisicho na kiraka hata kimoja, bei juu kidogo. Akakikataa.

"Huu mti ulikuwa na matawi," akasema.

Alifariki mwezi Agosti, mimi nikiwa likizo Tanga. Nilipata ujumbe sokoni, mkono mmoja umeshika samaki. Mazishi yalinipita. Lakini Waganda wana siku nyingine, okwabya olumbe, miezi kadhaa baadaye, ndiyo siku ya kumsimika omusika, mrithi, na hiyo sikukubali inipite.

Tulikesha kijijini kwa kaka yake. Nilikuwa nimedhani mrithi atakuwa bintiye mkubwa, yule anayefanya kazi benki, aliyekuwa ameshika kila jambo tangu Jjajja alipougua. Nikaelezwa kwa upole kwamba haiwezekani: watoto ni wa ukoo wa baba yao, na mrithi sharti atoke ukoo wa marehemu. Ukoo wa Kiganda hushuka kwa ngazi. Kuna ekika, ukoo wenyewe, kisha essiga ambalo ni jiwe la mafiga, kisha omutuba, mti ule ule wa gome, kisha olunyiriri, mstari. Nilipolisikia neno la nne niliona maharage kumi juu ya mkeka.

Kulipopambazuka wakamtoa mjukuu wa kaka yake, binti wa miaka kumi na tisa, mwanafunzi, macho mekundu kwa kukesha. Wakamfunga olubugo begani juu ya gauni la gomesi, wakamkabidhi kisu na kikapu, wazee wakamwambia yeye sasa ni nani. Kisha watu wakapanga foleni kumwamkia, na nikaona wanaume wenye mvi wakimwita Jjajja. Binti yule mkubwa wa benki alipiga magoti mbele yake, akamwita Maama. Hakuna aliyecheka. Zamu yangu ilipofika nilisema "Jjajja" nikaona jinsi neno lilivyoteleza mdomoni, kama oluggi uliotiwa mafuta. Akaniangalia moja kwa moja. Akatabasamu, meno yote yapo.

Mwezi mmoja baadaye akahamia Nateete kusomea chuo, akapewa kile chumba cha mbele. Jumatatu moja asubuhi nasahihisha madaftari, nikasikia mtu nje ya mlango wangu. Ubao ulikuwa wazi, kwa ajili ya joto. Alisimama pale pale kwenye kizingiti bila kukanyaga ndani.

"Koodi, muzzukulu."

"Karibu, Jjajja," nikasema nikiinuka, na kwa mkono mwingine nikapapasa pochi.